Herufi moja kwenye kromosomu ya 11

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Analia, ananyonya, anaongezeka uzito, na kliniki hana tofauti na wenzake. Akifikisha miezi sita hivi, siku moja vidole na nyayo zinavimba, zinapata moto, na mtoto hakubali kuguswa. Macho yanakuwa ya njano. Homa zinafuatana. Katika nyumba nyingi maneno nayo huanza hapo hapo: mama alikula nini alipokuwa mjamzito, nani kamroga mtoto, na lile la mawifi linalochoma kuliko yote: "Kwetu hakuna ugonjwa huu."

Neno hilo la mwisho linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu limevunja ndoa na kuwaonea akina mama wengi. Wataalamu wanakadiria kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Jibu limo ndani ya DNA.

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46: 23 zimetoka kwa baba, 23 kwa mama. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa mara nyingi mno. Nyuzi za seli moja tu zikinyooshwa na kuunganishwa zinafikia takriban mita 2. DNA yenyewe ina nyuzi mbili zilizosokotana, umbo ambalo James Watson na Francis Crick walilieleza mwaka 1953. Walisaidiwa sana na picha ya eksirei iliyopigwa chini ya usimamizi wa Rosalind Franklin huko London, mwanamke aliyefariki mwaka 1958 bila kupata heshima aliyostahili. Baina ya nyuzi hizo mna kemikali nne zinazoshikana mbili mbili: adenini na thaimini, guanini na saitosini. Kwa kifupi huandikwa A, T, G na C, na ndiyo maana tunaziita herufi. Seti moja ya kromosomu 23 ina jozi bilioni 3 hivi za herufi hizo.

Kushikana huko ndiko kunakowezesha kurithisha. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi mbili huachana, na kila mmoja hutumika kuunda mwenzake mpya: penye A huja T, penye G huja C. Kazi hii hufanyika kwa usahihi mkubwa. Mara chache herufi moja hukosewa, na kosa likitokea kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto atakayezaliwa atakuwa nalo mwili mzima, na huenda akawapa watoto wake.

Sehemu ya DNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani huitwa jeni. Jeni inayotuhusu hapa iko kwenye kromosomu ya 11, nayo inaelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Seli huinakili jeni hiyo kwenye RNA, nakala hutoka nje ya kiini, kisha ribosomu huisoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja, na asidi amino huungwa moja baada ya nyingine mpaka mnyororo wa 146 unakamilika.

Nafasi ya sita katika mnyororo huo, herufi za DNA kwa kawaida ni GAG, na kinachoungwa hapo ni asidi ya glutamiki. Kwenye jeni ya selimundu ni GTG, na inaungwa valini. A imekuwa T, basi. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, ndiye aliyeonyesha mwaka 1957 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa imetofautiana na ya wengine kwa asidi amino moja tu. Lakini valini ina tabia ya kukwepa maji. Himoglobini yenye valini hapo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hunatana na kujipanga kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu hupinda kama mundu. Seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa yanayomliza hata mtu mzima. Tena hazidumu: seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi siku 10 hadi 20. Damu hupungua kila mara.

Badiliko hili linaonekana kwa macho maabara. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Mtaalamu hudondosha himoglobini kwenye ukanda maalumu na kupitisha umeme, nayo husogea kuelekea upande chanya. Ya kawaida, iitwayo A, hutangulia. Ya selimundu, iitwayo S, hubaki nyuma kwa sababu imepungukiwa chaji. Asiye na badiliko huonyesha mstari wa A bila S, mgonjwa mwenye jeni mbili za S huonyesha S bila A, na mwenye jeni moja ya kila aina huonyesha mistari yote miwili. Huyu wa mwisho ndiye ambaye cheti chake huandikwa AS. Wengi huchanganya herufi hizi na kundi la damu, na hayahusiani: mtu wa kundi O anaweza kuwa AS, na wa kundi A asiwe na S kabisa.

Mtu wa AS kwa kawaida haumwi. Analima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, naye hajui. Ndivyo jeni inavyopita kwa babu, kwa baba, kwa mtoto, vizazi hata vitano, na ukoo mzima ukaapa kwamba kwao haipo. Ugonjwa huonekana pale wawili wa aina hiyo wanapooana. Kila mmoja hutoa nakala moja kati ya mbili alizonazo, na hakuna anayechagua itoke ipi. Mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata S kutoka pande zote mbili na kuugua, mbili kati ya nne ya kuwa AS kama wazazi wake, na moja ya kutokuwa na S. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Waliopata mtoto mmoja mgonjwa hawajamaliza zamu, na wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo. Mtoto wa kike na wa kiume wako sawa katika hili. Na mama peke yake hawezi kumpa mtoto S mbili, kwa hiyo kumlaumu yeye ni dhuluma.

Kwa nini basi jeni yenye madhara hivi haikutoweka? Jibu lilipatikana huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya S. Nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya mmoja. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa maelfu ya miaka watoto wa AS walinusurika pale wenzao walipokufa, wakakua, wakairithisha. Mwenye S mbili hana bahati hiyo: malaria kwake ni hatari kubwa, na chandarua ni sehemu ya matibabu.

Turudi kwa yule mtoto wa miezi sita. Alikuwa mzima mwanzoni kwa sababu tumboni mwili hutumia himoglobini nyingine, inayotokana na jeni jirani isiyo na kosa hilo. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo huzimwa polepole, na ile yenye kosa huchukua kazi. DNA haijabadilika, kilichobadilika ni sehemu inayosomwa. Dawa ya haidroksiyurea huongeza tena ile himoglobini ya utotoni, na wagonjwa wengi wanaoitumia hupata maumivu machache zaidi. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri DNA ya seli zinazozalisha damu ili jeni hiyo iliyozimwa ifanye kazi tena. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inauma kuona tiba hiyo ikiwa mbali hivyo na watoto wanaoihitaji zaidi.

Yapo yanayowezekana leo kwa gharama ndogo. Tone la damu ya kisiginoni, siku za mwanzo za uhai, linatosha kumtambua mtoto kabla vidole havijavimba. Akitambuliwa, huanzishiwa penisilini kila siku mpaka atimize miaka 5, maana wengi wa wanaokufa wadogo huuawa na maambukizi ya bakteria. Wazazi huelekezwa namna ya kupapasa wengu uliovimba na kumkimbiza mtoto hospitali mara homa inapopanda. Na wachumba wanaotaka kujua hali yao wapime wote wawili, kwa sababu majibu ya mmoja peke yake yakionyesha AS hayawaambii kama watoto wao wanaweza kuugua mpaka ya mwenzake yasomwe.