Arubaini ya Mzazi: Nifasi na Haki ya Kusaidiwa

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa).

Visiwani kwetu mzazi huwekwa ndani siku arubaini, akakandwa maji moto na kunywa uji wa pilipili manga. Ni ada njema, lakini tusiichanganye na hukmu ya nifasi. Nifasi haina uchache maalumu: damu ikikatika siku ya 10, mzazi ataoga na kuswali. Katika madhehebu ya Shaafi'iy, ghalibu yake ni siku 40 na wingi wake ni 60. Swala za siku hizo halipi. Swaumu ya Ramadhaan atailipa.

Wala tusimzuie kwenda hospitali eti arubaini haijesha. Damu nyingi inayolowanisha pedi kabla ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au degedege: apelekwe mara moja, usiku au mchana. Akilia siku nyingi, tusimwambie imani yake dhaifu. Huenda ni maradhi, nayo yana tiba.

Nanyi waume, kufua na kuchota maji hakuondoi heshima. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akiwahudumia ahli zake nyumbani.

Wallaahu a'lam.