Pini Inayoelea Haisomi Sifuri

Umeunga kitufe kwenye bodi ya Arduino Uno: mguu mmoja kwenye volti 5, mwingine kwenye pini namba 2. Programu ni fupi: kitufe kikibonyezwa, taa iwake. Unabonyeza, inawaka. Unaachia, lakini taa inazimika na kuwaka ovyo, na ukisogeza kidole karibu na waya inazidi. Wanafunzi wengi wakifika hapa huamini bodi imeungua, kumbe ni nzima.

Kitufe kilichoachiwa hakipeleki sifuri kwenye pini. Hakipeleki chochote, pini inabaki ikielea. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye bodi hiyo, ikitumia volti 5, huhesabu volti 3 kwenda juu kuwa HIGH, na volti 1.5 kwenda chini kuwa LOW. Katikati ya hapo hakuna uhakika. Isitoshe, mkondo unaovuja kwenye pini ya kupokelea hauzidi sehemu moja ya milioni ya ampia, kwa hiyo chaji kidogo sana inatosha kuiyumbisha. Umeme wa majumbani kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na waya mtupu pamoja na mwili wako huunasa kama antena.

Dawa yake ni rezista ya omu 10,000 kutoka kwenye pini hadi graundi. Kitufe kikiachiwa, rezista huishusha pini hadi sifuri. Kikibonyezwa, volti 5 hufika bila shida. Kama huna rezista, chipu inayo yake ndani, ya kati ya omu 20,000 na 50,000. Andika pinMode(2, INPUT_PULLUP), kisha uhamishe mguu wa kitufe kutoka volti 5 hadi graundi. Sasa mambo yamegeuka: ukibonyeza, pini husoma LOW.

Tatizo likiendelea, tazama kitufe chenyewe. Kile cha miguu minne kina jozi mbili zilizounganishwa ndani. Ukikipachika kimegeuka, kitasomeka kimebonyezwa muda wote. Epuka pia pini 0 na 1, ambazo bodi huzitumia kuwasiliana na kompyuta.

Kabla ya kununua bodi nyingine, rudisha pini kwenye INPUT ya kawaida, uiunge kwa rezista ile ile kwenye graundi, kisha kwenye volti 5. Ikisoma LOW halafu HIGH bila kuyumba, pini yako ni nzima, kagua nyaya.