Masanduku ya zawadi na wajasiriamali wa asili wa Kanada

Biashara ya masanduku ya zawadi ni biashara ya kununua kabla ya kuwa ya kuuza. Mwenye biashara hatungi shanga, hachemshi shira ya mti wa mepo wala hashoni viatu. Hununua vitu hivyo kwa wanaovitengeneza, huvipanga vikapatana, huvitilia kadi ya maelezo, kisha humpelekea mteja vikiwa zawadi moja. Nchini Kanada biashara hii imepata sura ya pekee, kwa sababu wako wanaojaza masanduku yao kwa bidhaa za wenyeji wa asili tu: Mataifa ya Kwanza, Métis na Inuit, makundi matatu yanayotambuliwa na katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1982. Sensa ya 2021 iliwahesabu watu hao kuwa takriban milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya Wakanada wote. Indigenous Box, mojawapo ya kampuni zilizojipatia jina katika kazi hii, ilianzishwa jimboni Alberta mwaka 2021 na Mallory Yawnghwe, mtu wa taifa la Wakrii (Cree) wa Saddle Lake.

Mteja anayeiwezesha biashara kusimama mara nyingi si mtu anayemtafutia rafiki zawadi ya siku ya kuzaliwa, bali ni ofisi. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni ambako watoto wa wenyeji wa asili walitenganishwa na wazazi na lugha zao, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua, na wa 92 uliyahusu makampuni. Mwaka 2021 serikali ya shirikisho iliifanya tarehe 30 Septemba kuwa sikukuu ya kukumbuka historia hiyo. Mwaka huohuo ilijiwekea lengo kwamba angalau asilimia 5 ya thamani ya mikataba yake iende kwa biashara za wenyeji wa asili. Makampuni na idara zikahitaji mahali pa kununulia, na sanduku la zawadi ni ununuzi mwepesi: ankara moja, wazalishaji watano au sita. Maagizo nayo huelekea kurundikana karibu na tarehe 21 Juni, siku ya kuwaenzi watu wa asili, kisha Septemba, kisha Krismasi. Hapo kwenye Septemba pana ukakasi. Tarehe 30 ni siku ya kuwakumbuka watoto ambao hawakurudi nyumbani, na boksi lenye utepe wa kung'aa likiandikwa salamu za furaha litawaudhi haohao linaodai kuwaunga mkono.

Ukakasi mwingine ni wa zamani zaidi: kugawa zawadi kwenyewe kuliwahi kuwa kosa kisheria. Katika pwani ya magharibi, mataifa kama Kwakwaka'wakw, Haida na Tsimshian yalikuwa na sherehe ya potlachi, ambamo heshima ya mwenyeji ilipimwa kwa alichowagawia wageni wake na si kwa alichojilimbikizia. Zawadi ndiyo iliyothibitisha jina, ndoa na urithi mbele ya mashahidi. Bunge la Kanada liliipiga marufuku mwaka 1884, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1951. Baada ya potlachi kubwa ya Dan Cranmer wa Kwakwaka'wakw mwaka 1921, washiriki walishtakiwa, baadhi wakafungwa, na vinyago vyao vikachukuliwa na kusambazwa katika makumbusho. Vingi vilirejeshwa baada ya miongo kadhaa, na sehemu yake inahifadhiwa katika kituo cha U'mista, Alert Bay, kilichofunguliwa mwaka 1980. Mafundi wa pwani hiyo walikuwa pia na sanduku lao. Ubao mmoja wa mwerezi ulichongwa mifuo mitatu, ukalainishwa kwa mvuke na kukunjwa pembe tatu, kisha pembe ya nne ikafungwa kwa vigingi au kushonwa kwa mizizi, bila msumari hata mmoja. Kwa hiyo anayeuza zawadi ndani ya sanduku katika nchi hiyo hajabuni desturi mpya.

Sheria ndiyo inayoeleza pia kwa nini wajasiriamali hawa wanahitaji mnunuzi wa namna hii. Chini ya Sheria ya Wahindi (ndivyo ilivyowaita watu wa Mataifa ya Kwanza) ya mwaka 1876 na marekebisho yake, mali yao iliyo ndani ya hifadhi, yaani ardhi waliyotengewa, haiwezi kukamatwa wala kuwekwa rehani kwa mtu asiye wa Mataifa ya Kwanza. Kinga hiyo iliwaokoa wengi wasinyang'anywe ardhi, lakini benki isiyoweza kushika dhamana haitoi mkopo kwa urahisi. Katika majimbo ya nyanda za magharibi, wakulima wa hifadhini walihitaji hata kibali cha afisa wa serikali ili wauze mazao yao. Leo ziko taasisi za fedha za wenyeji wa asili zaidi ya 50 zinazokopesha wajasiriamali, ila mtengenezaji mdogo bado huanza na mtaji wa mfukoni.

Ndipo suala la malipo linapokuwa kiini cha biashara nzima. Maduka mengi ya zawadi huchukua bidhaa za mikono kwa mali kauli: fundi huacha hereni zake dukani na hulipwa zikishauzwa. Mengine hulipa siku 30 au 60 baada ya kupokea mzigo. Kwa fundi aliyenunua ngozi na shanga kwa fedha taslimu, mpango huo humfanya yeye, aliye mdogo, kuwa mkopeshaji wa duka. Sanduku linalojitangaza kuwa linawaunga mkono wajasiriamali lakini linalipa baada ya siku 60 halina tofauti kubwa na duka lolote. Kulipa nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kupokea, au kulipa yote mapema, ndiyo huduma halisi ambayo biashara hii inaweza kutoa, na inagharimu zaidi kuliko maneno mazuri kwenye kadi. Mwanzilishi asipokuwa na akiba ya kuvumilia miezi michache ya fedha kutoka bila kuingia, afadhali aanze kwa kupokea oda zilizolipiwa kwanza.

Hesabu yenyewe ni finyu. Tuseme sanduku linauzwa dola 120. Bei ya jumla ya vitu vya ufundi mara nyingi ni karibu nusu ya bei ya rejareja, hivyo vitu vyenye thamani ya dola 120 dukani vitanunuliwa kwa dola 60 hivi. Boksi, karatasi na kadi zichukue dola 8, ujira wa kufungasha dola 7, posta dola 18. Zinabaki dola 27, na humo mna pango, matangazo, makato ya malipo ya kadi na kodi. Mwenye haraka ya faida hukimbilia kumwomba fundi apunguze bei. Hiyo ni njia ya kuua alichokuja kukijenga, kwani jozi ya mokasini, viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono, haiwezi kushindana kwa bei na za kiwandani. Busara ni kuweka kitu kimoja cha mkono chenye bei yake kamili, kisha kukizungushia vitu vinavyozalishwa kwa wingi zaidi: sabuni, kahawa, majani ya chai, shira ya mepo, mchele wa mwituni unaovunwa katika maziwa ya taifa la Waanishinaabe.

Wingi nao una mtego wake. Kampuni ikiagiza masanduku 500 kwa mwezi mmoja, mtunga shanga anayefanya kazi jioni akishalaza watoto hawezi kutoa jozi 500 za hereni, na akilazimishwa ataharibu kazi au afya yake. Ni heri masanduku hayo yabebe kazi za mafundi kumi tofauti, na mnunuzi aelezwe mapema kwamba hayatafanana.

Nani basi anahesabiwa kuwa mjasiriamali wa asili? Kipimo kinachotumiwa sana Kanada ni umiliki na udhibiti wa angalau asilimia 51. Ndicho kipimo cha baraza la biashara la wenyeji wa asili linalotoa vyeti. Kwa sanaa ya Inuit ipo lebo ya Igloo, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1958 na kukabidhiwa Wakfu wa Sanaa ya Inuit mwaka 2017. Marekani imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 1990 inamtishia anayeuza sanaa ya uongo kwa jina la wenyeji wa asili kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000 kwa kosa la kwanza. Kanada haina sheria mahsusi ya namna hiyo, hivyo kazi ya kuuliza imebaki kwa mnunuzi. Kabla ya Olimpiki ya Vancouver ya 2010, kampuni ya Hudson's Bay ilitoa sweta rasmi zilizofanana sana na zile za wafumaji wa Cowichan wa kisiwa cha Vancouver. Malalamiko yalipozuka, yalifikiwa makubaliano ya kuuza na sweta halisi za Cowichan. Wamaasai, walioona shuka zao zikipita kwenye majukwaa ya mitindo ya Ulaya, wanaijua hadithi hiyo.

Si kila kitu halisi kinafaa kuuzwa. Tumbaku, seji, mwerezi na nyasi tamu ni dawa za ibada kwa mataifa mengi, na wazee wengi wanakataza visiwekewe bei. Wengine hawaoni kosa iwapo aliyevichuma amefuata taratibu za kwao. Mwenye sanduku hana mamlaka ya kuamua ugomvi huo, na mara nyingi salama yake ni kuviacha. Kadi ya maelezo nayo iandikwe kwa idhini ya fundi, itaje taifa lake hasa, si "wenyeji wa asili" kwa jumla jumla.

Yapo pia masharti ya kawaida. Lebo za bidhaa zilizofungashwa kwa ajili ya walaji Kanada huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Vipodozi, hata sabuni iliyotengenezwa jikoni kwa mtu, hutolewa taarifa kwa Wizara ya Afya ndani ya siku 10 tangu vianze kuuzwa. Nunavut ina makazi 25 yasiyounganishwa kwa barabara, hivyo mzigo wa huko huja kwa ndege, au kwa meli katika kipindi kifupi ambacho bahari haijaganda, na oda ya Krismasi inapaswa kuwekwa mapema sana. Wasafirishaji hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, lolote lililo ghali zaidi, kwa hiyo boksi kubwa lililojazwa karatasi ni hasara. Mpakani nako kuna vizuizi: ngozi ya sili, fahari ya washonaji wa Inuit, haiingii Marekani kibiashara kwa sababu ya sheria ya mwaka 1972 ya kulinda wanyama wa baharini, na Umoja wa Ulaya, uliozuia bidhaa za sili mwaka 2009, huzipokea za Inuit kwa vyeti maalumu tu. Mteja wa Marekani huandaliwa sanduku lake mbali, lisilo na ngozi hiyo.