Umepangiwa TP Mji Mgeni? Tafuta Kwaya

Mwaka jana nilipangiwa TP Sumbawanga. Nikapanga chumba Majengo, nikanunua ndoo, jiko la mkaa na blanketi la pili, maana mwezi wa saba baridi ya Ufipa haina mchezo. Wiki mbili nzima nilikuwa natoka shule, nalala, narudi shule. Salamu nilipata nyingi tu, ila Jumapili moja nikagundua kwamba tangu Ijumaa sijatamka sentensi ndefu kuliko "naomba nyanya za mia tano".

Kesho yake jioni nikasikia watu wanaimba nota, nikaifuata sauti. Ilikuwa kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya hakuniuliza kabila wala natokea chuo gani. Aliuliza, "Unaimba sauti ya ngapi?" Akanipima kwenye kinanda, akanipeleka sauti ya nne, kati ya dereva wa bodaboda na mzee mmoja fundi viatu. Dakika kumi baadaye nilikuwa nachungulia karatasi moja na watu nisiowajua hata majina.

Nadhani siri iko hapo. Kazi ya pamoja inakuondolea mzigo wa kujieleza, na ratiba inakuondolea aibu ya kumtafuta mtu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mtakutana tu. Halafu una nafasi yako. Sauti ya nne tulikuwa watano. Mmoja akikosa, wimbo unachechemea. Kwenye grupu la WhatsApp la watu 200 unaweza kuugua wiki nzima na wenzako wakaendelea kutumiana stika.

Hilo nalisema kwa sababu niliugua kweli. Homa ilinilaza, nikakosa mazoezi mara mbili. Siku iliyofuata mlango ukagongwa: fundi viatu na yule wa bodaboda. "Shikamoo mzee," nikajikaza. "Marahaba mwanangu. Mbona sauti yako haisikiki?" Wakanipeleka zahanati mshikaki, mzee kanishika kwa nyuma nisidondoke.

Wala si jambo jipya. Miaka ya 1920 vijana waliohamia miji ya Tanganyika kutafuta kazi walijiunga na vyama vya ngoma ya beni, Marini au Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha kwamba vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Wanachama walisaidiana kwenye shida na kuzikana. Mgeni akishajua kucheza, ana wenyeji.

Gharama zipo, tusidanganyane. Kuna mchango wa sare, wa safari, wa msiba, na boom langu lilikuwa limeshakata. Nilimwambia mweka hazina ukweli, akaniruhusu nilipe kidogo kidogo. Pia usiende siku ya onyesho, siku hiyo kila mtu ana haraka. Nenda siku ya mazoezi, na usijipime kabla ya mara ya tatu. Mara ya pili mimi nilikaribia kuacha, kwa sababu wote walikuwa wanataniana kwa Kifipa nami nacheka nikichelewa.

Kama husali huko au huna sauti, kuna jogging, kuna bao, kuna mpira wa jioni. Angalia tu kama ni kundi dogo kiasi kwamba usipofika mtu atauliza.

Na kama mwaka huu umepangiwa Sumbawanga, sauti ya nne wamebaki wanne.