Utangulizi: Nani Anapika, Nani Analeta Mshahara

Kuna tawi la elimu ya jamii linalochunguza kazi za nyumbani. Tuanze na kichekesho cha televisheni kilichorushwa Marekani Septemba 15, 1952, katika mfululizo wa I Love Lucy, ambao wakazi wa London nao waliupata ITV ilipoanza matangazo mwaka 1955. Hundi ya Lucy imekataliwa benki, ugomvi unazuka, na wanandoa wanabadilishana majukumu. Lucy na jirani yake Ethel wanakwenda kiwanda cha chokoleti, ambako mkanda unakimbia hadi wanazibugia na kuzificha kofiani. Jikoni, waume zao, Ricky na Fred, wanakadiria ratili nzima ya mchele kwa kila mlaji. Wali unafurika hadi sakafuni.

Tunacheka, na tuna haki ya kucheka. Lakini mtu aliyeshika kazi jana hatoi ushahidi wa nani aliumbiwa kazi hiyo. Katika Nairobi na Dar es Salaam za ukoloni, mpishi wa nyumba ya Mzungu kwa kawaida alikuwa mwanamume, hodari wa mchuzi na mikate, na jioni akirudi kwake alipikiwa na mkewe. Janet Bujra ameeleza vizuri, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Tanzania, jinsi utumishi huo ulivyohamia polepole kwa wanawake. Moto ulikuwa uleule, na mapishi yaleyale. Kilichomfanya mwanamume ashike sufuria kilikuwa mshahara.

London ndiko kazi ya nyumbani isiyo na mshahara ilikopimwa kwa makini. Mwaka 1971 Ann Oakley aliwahoji akina mama 40 wa jiji hilo, na kitabu chake kikatoka 1974. Aliwauliza maswali ambayo wasomi walizoea kuwauliza wafanyakazi wa viwandani: Je, kazi inachosha kwa kujirudia? Inakukimbiza? Kwa wastani walifanya kazi saa 77 kwa wiki, na wengi walilalamikia mambo yaleyale anayolalamikia mtu aliyesimama mbele ya mkanda wa kiwanda. Kwa maoni yangu, hakuna kitabu kinachofaa zaidi kuanzia.

Kabla yake, mwaka 1957, Elizabeth Bott alikuwa amechapisha utafiti wa familia 20 za London. Aligundua kwamba pale ndugu na marafiki wa wanandoa wanapojuana na kukutana mara kwa mara, mume na mke hushika kila mmoja kazi zake. Pale watu hao wanapotawanyika, wawili hao hulazimika kushirikiana. Wengi wetu tuliohamia London tunalijua jambo hili bila kusoma Bott. Mama mkwe yuko Mombasa, shangazi yuko Tanga, dada wa kazi hakuna, na mke ameingia zamu ya usiku hospitalini. Mtoto akilia saa tisa, baba ndiye anayepasha maziwa. Huenda moyo wake haujabadilika hata kidogo. Waliomzunguka ndio wamepungua.

Kwa hiyo, ukienda uwandani, usianze kwa kumuuliza mume kama anasaidia. Orodhesha kwanza watu wote wanaoingia nyumba ile kwa wiki nzima na kazi anayoifanya kila mmoja, kisha wahoji mume na mke, kila mmoja peke yake.