Sanamu Hupewa Macho

Katika desturi ya Kichina, sanamu iliyotoka kwa mchongaji bado ni gogo tu. Huwa ya kuabudiwa baada ya ibada ya kaiguang, yaani kufungua nuru. Kuhani wa Kitao huchovya brashi katika wino mwekundu, pengine uliotiwa damu ya kishungi cha jogoo, akaigusa sanamu machoni, masikioni, kinywani na kwenye viungo. Kioo huelekezwa juani ili mwanga umulike uso wake. Kuanzia hapo inahesabiwa kuwa inaona.

Wengi huishia hapo, wakasema ni ushirikina. Nawasihi watazame mgongoni. Sanamu ndogo za majumbani mkoani Hunan zina tundu nyuma, na ndani yake mna dawa za mitishamba pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: jina la mwenye sanamu, watu wa nyumbani kwake, mahali anapoishi, tarehe, na haja aliyoiombea, kama vile uzima wa watoto. Nguvu ya kitu kile imefungamana na watu wanaojulikana na nadhiri waliyoiweka. Desturi hii ya kujaza sanamu ni ya kale. Hekalu la Seiryoji, Kyoto, lina sanamu ya Buddha iliyochongwa China mwaka 985. Ilipofunguliwa mwaka 1954, yalikutwa ndani maandiko matakatifu na mifano ya viungo vya ndani vya mwili iliyoshonwa kwa hariri.

Hirizi nazo zina mwenyewe. Huko Taiwan, waumini wa mungu wa kike Mazu huvaa kifuko chekundu kilichozungushwa mara tatu juu ya moshi wa chetezo cha hekalu lake. Anayekivaa amejiweka chini ya ulinzi wa hekalu hilo, na hurudi kushukuru.

Ndiyo maana biashara ya mtandaoni ya bangili “zilizokwisha kufanyiwa kaiguang” inanisikitisha. Wanunuzi wengi ni vijana wanaohangaika na mitihani na ajira, na hofu yao ni ya kweli. Wanauziwa kitu kisichobeba jina lao wala nadhiri yao. Mtawa Sheng Yen wa Taiwan, aliyefariki mwaka 2009, alifundisha kwamba sanamu ni chombo cha kumsaidia muumini katika ibada, na kwamba imani yake ndiyo yenye uzito kuliko sherehe yoyote. Muuzaji wa bangili hamdai mnunuzi imani. Anamdai pesa, na wakishamalizana hawajuani tena.