Bega la Mchumaji

Msimu wa karafuu ukikaribia, sote hukagua majamvi, magunia na kamba. Chombo kimoja twakisahau, nacho ni bega. Mchumaji hunyoosha mkono juu ya kichwa kutwa nzima, akivuta matawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa wa pili. Kwa kuwa hulipwa kwa kipimo cha alichochuma, aghalabu huficha maumivu mpaka mkono ukakataa.

Wengi wetu husema, "Ni baridi yabisi tu, uzee huo." Lakini jina hilo moja hufunika maradhi mbalimbali, na matibabu yake si mamoja.

La kwanza ni kulika kwa kiungo. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu laini. Ikilika kwa umri, au kwa sababu ya kuvunjika au kuteguka zamani, mfupa husagana na mfupa. La pili ni bega kuganda: mfuko unaokizunguka kiungo hukaza, khasa kwa watu wa miaka 40 hadi 60 na kwa wenye kisukari. La tatu ni kano kuchanika. La nne ni baridi yabisi yenyewe, ambayo mwili hushambulia viungo vyake. Hii aghalabu huanzia vidoleni, pande zote mbili, na asubuhi viungo hukaza kwa muda mrefu.

Daktari hupambanuaje? Kwanza humwambia mgonjwa anyanyue mkono mwenyewe, kisha daktari humnyanyulia. Mgonjwa akishindwa lakini daktari akaweza, hushukiwa kano. Ikiwa hata daktari hawezi kuuzungusha, hushukiwa kuganda au kulika. Hapo hupigwa picha ya eksirei. Bega lililoganda, mifupa yake huonekana mizima. Lililolika, nafasi baina ya mifupa huwa imepungua, na pengine vijipembe vya mfupa vimeota. Damu hupimwa ikishukiwa baridi yabisi.

Ama matibabu, yafaa tuseme kweli: gegedu iliyolika hairudi, wala hakuna mafuta ya kuchua yawezayo kuirudisha. Lakini maumivu hupunguzwa kwa kuacha kazi za juu kwa muda, kwa mazoezi ya viungo, kwa dawa, na pengine kwa sindano ndani ya kiungo. Bega lililoganda huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengi hupata nafuu kubwa. Baridi yabisi ina dawa zake, na kuzianza mapema huokoa viungo. Kiungo kilicholika mno huweza kubadilishwa kwa operesheni. Daktari Péan alijaribu jambo hilo Paris mwaka 1893, akimtibu mwokaji mikate, na tangu hapo kazi hiyo imeendelea sana.

Twaonya mambo matatu. Usiufunge mkono kwa wiki nyingi bila ya shauri la daktari, kwani bega lisilotumika huganda. Usimeze ovyo vidonge vya kutuliza uvimbe, maana huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tena, bega likiwa la moto pamoja na homa, au likiuma pamoja na kubanwa kifua na kutoka jasho, usingoje kesho: nenda hospitali saa ile ile. Hilo la pili laweza kuwa ni moyo.

Mwisho twawaomba wenye mashamba. Mchumaji asiyeweza kuuamini mkono wake juu ya mkarafuu, tawi likiteleza hana cha kushika. Mtu huyo apewe kazi ya chini, kuchambua makonyo na kuanika, kwa malipo ya haki, ili asilazimike kuficha. Na mwenye maumivu aende kupimwa sasa, kabla ya msimu, maana karafuu hazimngoji mgonjwa.

Katibu wa Chama